Kuku Kwenye Kamba ya Dobi

Dobi aliamka kabla ya jua, kama kawaida yake. Aliwasha mkaa wa pasi. Akajaza maji mabeseni matatu: moja la nguo nyeupe, moja la nguo za rangi, moja la kusuuzia. Uani kwake kulikuwa na kamba sita. Kufikia saa mbili asubuhi, kamba zote zilikuwa zimejaa. Mashati huku, mashuka kule, suruali mwisho. Upepo ukivuma, ungedhani watu hamsini wamesimama uani wanakupungia mikono.

Katika kazi yake hakuwa na mpinzani. Doa la wino alilitoa. Doa la mafuta alilitoa. Kola iliyochakaa aliinyoosha mpaka mwenye shati akajiona bwana harusi. Lakini jikoni alikuwa mgeni. Katika miaka kumi na moja ya ndoa aliingia jikoni kwa mambo mawili tu: kuchukua kiberiti, na kuuliza, "Bado?"

Mke wake alikuwa msusi. Alisuka vichwa vya watu mpaka jioni, kisha akarudi nyumbani kupika. Hivyo ndivyo walivyoishi, wala hakuna aliyeona ajabu, mpaka ilipofika Jumatatu ile.

Jumatatu ile Dobi alimwaga maji ya sabuni mbele ya mlango, kama alivyozoea. Mke wake akatoka na mkoba wake wa vitana. Akakanyaga. Miguu ikatangulia, yeye akabaki nyuma. Akaangukia mkono wa kulia.

Dobi alikuja mbio.

"Mke wangu! Umeumia?"

"Mume wangu," alisema msusi akiwa bado chini, "leo umenifua mimi."

Hospitali walisema mfupa umevunjika. Wakamfunga plasta kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Wiki sita. Asisuke, asifue, asipike.

"Usiwe na wasiwasi," Dobi alimwambia njiani. "Nitapika mimi."

Mke wake aliutazama mkono wake uliofungwa kama mtu anayeuaga.

Chai ya Jumanne ilikuwa maji ya moto yenye sukari. Majani Dobi aliyasahau. Wali wa Jumanne ulikuwa na tabaka tatu: juu mbichi, katikati uji, chini mkaa. Wakala mkate. Jumatano wakala mkate tena. Jioni simu ikalia. Alikuwa mama yake msusi.

"Umekula nini leo, mwanangu?"

Msusi hajui kusema uongo. "Mkate, mama."

"Na jana?"

"Mkate."

"Mpe simu huyo mumeo."

Dobi aliishika simu kwa mikono miwili, kana kwamba mama mkwe anamwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nisikilize vizuri, mkwe wangu. Jumapili nakuja kula chakula cha mchana hapo kwako, saa saba. Nikikuta binti yangu analishwa vizuri, narudi kwangu peke yangu. Nikikuta mkate, narudi naye. Atakaa kwangu mpaka apone. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Simu ikakatwa. Dobi akakaa juu ya ndoo.

"Mama yako atakuchukua kweli?"

"Mama yangu? Aliwahi kuazimisha mbuzi kwa jirani. Akapita siku moja akamwona amekonda. Hakusema neno. Alimfungua kamba akaondoka naye."

Dobi aliinama. Nyumba bila mke wake angeiwezaje? Nani angemcheka asubuhi? Nani angemwambia kwamba amevaa shati la mteja? Na mkono wenyewe umevunjwa na maji yake ya sabuni.

"Mama anapenda kula nini?" aliuliza.

"Kuku."

"Basi atakula kuku."

Kuku alikuwepo. Wateja wa msusi walipokuja kumpa pole walileta pakiti mbili za vidari. Kidari ni nyama ya kifua cha kuku. Vidari hivi havikuwa na ngozi wala mfupa, na vilikuwa vimegandishwa. Kila pakiti ilikuwa na vidari vinne, vimeshikana pamoja. Msusi alikuwa ameziweka juu kabisa kwenye friji, mle mwenye barafu.

Dobi alitoa pakiti moja akaigonga kwa kidole. Ikajibu: ko, ko, ko.

"Hili ni tofali," alisema. "Kichwa hakuna, miguu hakuna. Tutajuaje kama ni kuku?"

"Soma pakiti."

"Nimesoma. Hata mimi naweza kuandika 'kuku' kwenye tofali."

Alhamisi alifanya jaribio. Aliweka mafuta mengi kwenye kikaango, akayachemsha mpaka yakatoa moshi. Kisha akatumbukiza tofali lote.

Barafu na mafuta ya moto havipatani. Mafuta yaliruka mpaka darini. Dobi alirudi nyuma mpaka ukutani, akajikinga uso kwa kifuniko cha sufuria.

"Kuna nini huko?" aliita mke wake.

"Hakuna kitu! Kuku anaiva!"

Baada ya robo saa nyama ilikuwa nyeusi pande zote. Dobi aliiweka mezani kwa furaha. Akaikata. Kisu kikaingia kidogo, kikasema kr, kr, kikakwama. Ndani nyama ilikuwa ya waridi, na katikati barafu ilikuwa inang'aa.

"Mume wangu," alisema msusi, "huyu kuku nje ameungua, ndani anatetemeka kwa baridi."

"Ndani ni laini tu." Dobi hakutaka kushindwa. Alikata kipande cha katikati akakitafuna chote, macho makavu. "Kitamu! Onja."

"Ahsante. Mkono nimevunja, tumbo bado nalihitaji."

Akala mkate.

Ijumaa Dobi hakupiga pasi hata shati moja. Alikuwa na safari nyingine. Kitandani, chooni. Chooni, kitandani. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekwenda mara saba. Mke wake alimkorogea dawa ya maji kwa mkono wa kushoto, ile ya pakiti wanayopewa wanaoharisha, na wateja walipokuja kuuliza nguo zao aliwajibu mlangoni:

"Dobi yupo. Lakini hayupo."

Jumamosi asubuhi tumbo lilitulia. Dobi alikuwa mwepesi kama foronya tupu. Alisimama mbele ya friji akatazama pakiti iliyobaki. Moja tu. Na kesho ni Jumapili.

Akafikiri kama dobi. Kosa ni la barafu, alijisemea. Barafu ni maji. Na kazi yangu mimi ni nini miaka yote hii? Si kukausha vitu vyenye maji?

Alifungua pakiti. Akatia lile tofali katika foronya safi. Akatoka nalo uani, akalitundika kwenye kamba ya nne, juani, kati ya mashuka na aproni nyeupe. Alilibana kwa vibanio vinane, maana lilikuwa zito. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akaridhika.

Paka wa mtaani alitokea ukutani. Akaja akakaa chini ya foronya, akainua kichwa, akasubiri kama mteja mwenye risiti.

Hazikupita dakika kumi, jirani yake akaingia uani kuchukua aproni zake. Huyu alikuwa mpishi wa hospitali, mtu mzima mwenye mvi na tumbo la heshima. Watu wote mtaani walimwita Kipimajoto, kwa sababu mfukoni mwa shati hakukosa kipimajoto cha jikoni, kile chenye mwiba mrefu wa kuchoma nyama. Walisema hata siku ya harusi yake alipima chakula kabla ya kumlisha bibi harusi.

"Karibu, kaka!" Dobi alimpa mkono.

Kipimajoto hakuupokea. Alikuwa anatazama kamba ya nne. Foronya ilianza kudondosha maji. Tone moja lilianguka puani kwa paka. Upepo ukavuma, na tone la pili likatua kwenye aproni nyeupe.

"Dobi."

"Naam."

"Kwenye foronya kuna nini?"

"Kuku."

"Amefanya nini mpaka akanyongwa?"

Dobi akamweleza yote: mkono, mkate, mama mkwe, tofali, mafuta, na zile safari saba. Kipimajoto alicheka mpaka akashika nguzo ya kamba. Alipomaliza akafuta macho, na uso wake ukabadilika.

"Umeitundika saa ngapi?"

"Sasa hivi tu."

Kipimajoto aliigonga foronya. Ikajibu: ko, ko.

"Una bahati. Bado ni jiwe. Ingekaa hapa mpaka mchana ningekuambia uitupe, na mama mkwe ungempa mkate. Ishushe. Halafu ukanawe mikono kwa sabuni, ukihesabu mpaka ishirini. Ndipo tusalimiane."

"Lakini mikono yangu ni misafi. Nimeshika kuku tu."

"Umeshika kuku mbichi. Ukashika vibanio. Ukashika aproni yangu. Sasa unataka kunishika mimi. Niambie, shati jekundu jipya unalifua pamoja na nguo nyeupe?"

Dobi alishtuka kama mtu aliyetukanwa. "Mimi? Hata siku moja! Litachuja, litaharibu kila kitu."

"Basi kuku mbichi ni shati jekundu. Anachuja. Anachokichuja hukioni kwa macho, ni vijidudu. Anachuja kwenye mkono, kwenye kisu, kwenye meza. Wewe ni dobi mzuri, lakini ukiingia jikoni unasahau kwamba ni dobi."

Msusi alikuwa ametoka mlangoni na mkono wake ukining'inia shingoni kwa kitambaa.

"Hiyo foronya ni ya nani?" aliuliza.

"Yetu," alisema Dobi.

"Ya upande wako wa kitanda au upande wangu?"

Dobi akatazama chini. "Wako. Yangu ilikuwa na doa."

"Mtaichemsha kwa sabuni," alisema Kipimajoto. "Na vibanio pia. Tuingie jikoni."

Jikoni Dobi alinawa, akahesabu mpaka ishirini. Wakatia nyama katika bakuli lenye kina, wakalifunika. Kipimajoto akalisukuma ndani ya friji, chini kabisa.

"Kwa nini chini?" aliuliza Dobi.

"Shuka linalodondosha maji unalianika juu ya suruali kavu?"

"La."

"Basi. Nyama mbichi ikidondosha, isidondoshee matunda wala mkate. Iache hapo mpaka kesho. Barafu itayeyuka polepole, na nyama yote itabaki baridi. Juani, nje inapata joto wakati ndani bado jiwe. Hapo nje vijidudu wanazaana, wanafanya sherehe."

"Na kesho nikikuta bado ina barafu?"

"Itie kwenye mfuko wa nailoni usiovuja. Ufunge kabisa. Uzamishe katika maji baridi. Si ya moto! Kila nusu saa mwaga maji, weka mengine. Kubadilisha maji si mimi wa kukufundisha wewe. Ikishalainika, pika papo hapo, usiirudishe kwenye barafu."

"Na mtu asiye na muda kabisa?" aliuliza msusi.

"Anaweza kumpika vilevile na barafu yake, lakini katika mchuzi au kwenye oveni. Akikaanga kwa mafuta ya moto yatampata ya mumeo. Na ampe muda zaidi. Kuku wa kuiva kwa dakika ishirini, huyo apewe thelathini." Akamgeukia Dobi. "Koti zito, bado bichi, ukilipiga pasi kali sana inakuwaje?"

"Nje linaungua, ndani linabaki bichi," alisema Dobi. Akatazama kikaango cheusi kilichokuwa bado kimelowekwa. "Kumbe."

"Kumbe," alisema Kipimajoto. "Moto wa wastani, na subira. Na pasi ikipata moto unajuaje?"

"Naitupia tone la maji. Siwezi kuibahatisha, nitaunguza nguo ya mtu."

"Na kuku usimbahatishe." Akatoa kipimajoto mfukoni, polepole, kama mtu anayetoa pete. "Mchome huu mwiba hapa, pale alipo mnene zaidi, mpaka katikati. Usiguse kikaango. Ikisoma digrii sabini na nne, vijidudu wamekufa. Chini ya hapo, mrudishe motoni. Siku ukiwa huna kipimajoto, mkate pale pale penye unene. Nyama isiwe ya waridi hata kidogo, maji yake yawe meupe, na moshi utoke mpaka katikati."

Dobi alikipokea kwa mikono miwili.

"Jumatatu kirudi kwangu," alisema Kipimajoto. "Na aproni yangu uifue upya."

Siku ile Dobi alifungua friji mara nyingi sana. Alitaka kuona kama kuku analainika.

"Mume wangu, funga mlango wa friji," mke wake alimwambia. "Ukiendelea kufungua, baridi yote itatoka, na kuku atajua una wasiwasi."

Jumapili saa nne asubuhi hodi ikasikika. Dobi alifungua mlango akidhani ni mteja. Alikuwa mama mkwe. Alivaa vizuri, na mkononi alikuwa na begi kubwa la zipu. Begi lilikuwa tupu, limelala kama gunia.

"Shikamoo, mama! Si... si ulisema saa saba?"

"Marahaba. Saa saba ni ya kula. Saa nne ni ya kuona."

Alimtazama binti yake juu mpaka chini. Akapitiliza mpaka jikoni. Akavuta kiti, akakaa mlangoni, akaweka lile begi magotini.

"Endelea, mkwe wangu. Mimi sipo."

Dobi alinawa mikono, akihesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Alipofika kumi mama mkwe alimgeukia binti yake.

"Anahesabu nini?"

"Sabuni, mama."

Dobi alikata matunda kwanza, akayafunika, akayaweka mbali. Akamenya viazi, akavitia katika maji. Akakata kitunguu na nyanya. Kisha akatoa ubao mwingine na kisu kingine, vya nyama. Akafungua friji. Vidari viwili vilikuwa vimelainika vizuri. Lakini viwili vingine vilikuwa bado vimeshikana, na katikati kulikuwa na barafu ngumu.

Akaviminya. Jiwe.

Zzzip. Mama mkwe alikuwa amefungua zipu ya begi, kidogo tu, kama kidole kimoja.

Dobi alivuta pumzi. Vile viwili laini akavifunika na kuvirudisha chini kwenye friji. Vile vigumu akavitia katika mfuko wa nailoni, akaufunga mafundo mawili, akanawa mikono. Akachukua beseni.

"Si hilo!" alipiga kelele mke wake. "Hilo la soksi!"

Akachukua bakuli kubwa la jikoni. Akamimina maji baridi, akazamisha mfuko, akatazama saa. Baada ya nusu saa akamwaga maji, akaweka mengine. Baada ya nusu saa tena akaviminya, na vikaachana vyenyewe. Dobi nusura apige makofi. Akanawa tena, akihesabu.

"Sasa," alisema mama mkwe, akisimama na kukunja mikono ya gauni, "nipe huyo kuku nimwoshe kwa maji mengi. Kwangu kuku haingii sufuriani bila kuoshwa."

Dobi hakuwahi kumkatalia mama mkwe kitu chochote. Siku ya posa alimwambia aimbe, akaimba. Alimtazama mke wake. Mke wake akatazama dari.

"Mama," alisema Dobi, na sauti ilikuwa nyembamba, "niwie radhi. Nakuomba usimwoshe."

"Unasema?"

"Ukimwosha, maji yatarukia sahani. Yatarukia meza. Yatakurukia wewe. Mimi ni mtu wa maji, mama, najua yanavyoruka. Maji hayawaui wale vijidudu, yanawatembeza tu. Anayemsafisha kuku ni moto. Moto ndio sabuni yake."

Mama mkwe alilichukua tena begi lake.

Zzzip. Zipu ikafika nusu. Akakaa.

Dobi alitia mafuta kidogo kwenye sufuria pana. Moto wa wastani. Akaweka vidari vinne, vimeachana, kila kimoja na nafasi yake, kama mashati kwenye kamba. Mafuta hayakuruka. Akanawa mikono. Akavigeuza vikapata rangi. Pembeni akabandika viazi. Akaongeza kitunguu, nyanya, chumvi na kikombe cha maji kwenye kuku. Akafunika.

Harufu ikaanza kuzunguka nyumba. Ikatoka uani. Yule paka akaja dirishani.

Saa sita na nusu mama mkwe alifunua sufuria. "Ameiva. Amekuwa mweupe. Pakua, njaa inaniuma."

Dobi alitoa kipimajoto. Akachoma kidari kinene kuliko vyote, mpaka katikati.

"Sitini na moja. Bado, mama."

"Nimeanza kupika kabla hujazaliwa!"

"Ndiyo, mama. Lakini Alhamisi mimi nilimla kuku kabla hajaiva. Nilikwenda chooni mara saba."

"Mara nane," alisema mke wake. "Moja ulikuwa usingizini."

Zzzip. Zipu ikafunguka mpaka mwisho. Begi likaachama kama mdomo. Mama mkwe alianza kutazama chumbani, upande wa kabati la nguo za binti yake.

Dobi alifunika sufuria. Jasho lilikuwa linamtiririka. Angepakua sasa, mama mkwe angefurahi, na kesho wote watatu wangepanga foleni chooni. Na mke wake mwenye mkono mmoja kwenye foleni ile angefanyaje? Akasimama mbele ya jiko kama askari. Dakika tano. Dakika nane. Akachoma tena. Sitini na tisa. Akafunika. Hakugeuka nyuma. Akachoma mara ya tatu.

"Sabini na sita!" alipiga kelele, mpaka paka akaanguka dirishani.

Akapima na vingine vitatu, kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vimepita sabini na nne.

Walikaa mezani saa saba kasoro dakika mbili. Viazi, kuku na mchuzi wake mzito, na matunda pembeni. Mama mkwe alikata kidari chake katikati. Moshi ukatoka. Nyama ilikuwa nyeupe mpaka ndani, na maji yake meupe. Alitafuna polepole. Dobi alikuwa ameshika uma bila kula. Msusi naye alikuwa ameacha kutafuna.

Mama mkwe alimaliza kipande cha kwanza. Akamaliza cha pili. Akapangusa mchuzi kwa kiazi mpaka sahani ikang'aa. Kisha akainama, akachukua begi lake.

Zzzzzzip. Akalifunga.

"Chumvi imepungua," alisema.

Na hivyo ndivyo Dobi alivyojua ameshinda.

Jumatatu alirudisha kipimajoto pamoja na aproni nyeupe isiyo na doa. Tumbo lake lilikuwa kimya. La mke wake pia. Walimpigia mama simu, akasema amelala kama mtoto. Siku hiyo hiyo Dobi alichimba mfereji kutoka kwenye mabeseni mpaka nyuma ya ukuta, na maji ya sabuni hayakumwagwa tena mlangoni. Katikati ya wiki alinunua kipimajoto chake mwenyewe. Akakibana kwenye mfuko wa shati kwa kibanio cha nguo.

Jumapili iliyofuata, saa nne asubuhi, hodi ikasikika tena. Mama mkwe alisimama mlangoni. Mkononi alikuwa na lile begi kubwa. Safari hii lilikuwa limejaa mpaka zipu inalia.

"Shikamoo, mama. Umekuja... umekuja kumchukua?"

"Marahaba. Nimchukue nani? Analishwa vizuri." Alimpa Dobi begi alibebe. Lilikuwa zito. "Nguo zangu za wiki tatu hizo. Na humo juu kuna vidari, nimevifunga kwenye magazeti, bado vigumu. Vitie kwenye friji, chini kabisa. Kwangu nimechoka kupika, mkwe wangu. Nimekuja kukaa."

Akapita ndani. Msusi alikuwa ameegemea ukuta, anacheka mpaka plasta inatikisika.

Dobi alisimama na begi mkononi. Akalibeba mpaka jikoni. Akavitia vidari katika bakuli lenye kina, akalisukuma chini kabisa kwenye friji. Kisha akafungua maji, akachukua sabuni, akaanza kunawa. Alihesabu mpaka ishirini. Halafu akaanza tena kutoka moja, taratibu, kwa sababu alikuwa na mengi ya kufikiri.